Tai Ndiye Aliyemfundisha Kima Kusema

Maneno haya niliyasema mbele ya wanafunzi wa klabu ya mazingira, walimu wao na wazazi, katika kijiji kimoja kilicho kando ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa. Wengi mlikuwa shambani au safarini mkaomba muipate hotuba yote. Ndiyo hii.

Mwenyekiti wa kijiji, walimu, wazazi wenzangu, na ninyi wanafunzi mliokaa hapa chini ya mwembe: Asalamu aleikumu. Bwana Yesu asifiwe. Kamwene!

Mwezi uliopita mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili alinisimamisha pale relini akaniuliza, "Babu, kati ya tai na kima, nani zaidi?" Nilikuwa nawahi gari, nikamjibu mbiombio: "Tai, mjukuu wangu. Si ndiye anayemla mwenzake?" Nikapanda gari nikaenda zangu. Lakini njia nzima lile jibu lilinikaa vibaya kifuani. Nimeongoza wageni katika msitu huu miaka mingi, nimewaona wote wawili kwa macho yangu, na nilijua kwamba nimempa mtoto wa watu jibu bovu. Leo nimekuja kulijibu upya, na nashukuru mmenipa nafasi.

Kwanza tuelewane ni tai gani. Simsemi mwewe anayebeba vifaranga vyetu. Simsemi tumbusi wa mizogani. Namsema tai mwenye kishungi, yule mkubwa wa msituni: mgongo mweusi, kifua cha mabaka meusi na meupe yenye wekundu wa udongo, na manyoya ya kisogoni ambayo akishtuka husimama kama taji. Jike ndilo kubwa, linaweza kupita kilo 4. Akikunjua mabawa, kutoka ncha hadi ncha hupata kama meta moja na nusu au zaidi kidogo. Mtasema hayo ni mabawa makubwa. Kwa ndege wa uzito wake ni mafupi, lakini ni mapana, na mkia wake ni mrefu. Hakuumbwa kuelea juu ya mbuga. Ameumbwa kupinda kona kati ya shina na shina kwa kasi ambayo hata jicho lako haliifuati.

Na upande mwingine yupo kima, mnamjua, mnamfukuza kwenye mahindi. Dume lake lina kilo 6 au 7. Binamu yake, mbega mwekundu wa Udzungwa, dume linaweza kufika kilo 10, na huyo hapatikani popote duniani isipokuwa katika milima hii na bonde letu la Kilombero. Popote duniani! Basi pigeni hesabu wenyewe. Ndege wa kilo 4 anamwinda mnyama wa kilo 6, wa kilo 7, na pengine zaidi. Anawezaje?

Tazameni mikono yenu. Inueni, msione haya, wazazi nanyi inueni. Kima ana mkono kama huo, mwenye dole gumba, wa kuchambua tunda na kumtoa mwenzake kupe. Mbega dole gumba hana, limebaki kinundu tu, lakini vidole vyake vinne vimepinda kama ndoano, naye akirukia tawi ananing'inia bila kuhangaika. Sasa tai, mkono wake ni mguu wake. Ukucha wa nyuma peke yake unapita sentimita 5. Akishafumbata, kano za vidole vyake hujifunga zenyewe, kwa kuwa zina vijino vinavyoshikana na ala, yaani kifuko kinachozizunguka, ukucha ukabaki umebana bila yeye kuendelea kutumia nguvu. Haui kwa mdomo, wazee wangu. Mdomo ni wa kulia chakula. Anaua kwa kufumbata.

Hayo nimeyaona ushahidi wake. Kuna wakati nilikuwa natembea na mtafiti ndani ya msitu wa Mwanihana, tukafika chini ya mkangazi mmoja mkubwa sana. Ardhi ilikuwa nyeupe kwa kinyesi, kama mtu amemwaga chokaa. Nikainua macho. Katika panda ya mti kulikuwa na kiota cha vijiti, upana wake kama kitanda cha watu wawili. Na pale chini, kati ya majani makavu, mifupa. Nikaokota fuvu dogo la kima, jepesi, lingeenea kwenye kiganja cha mtoto. Nikaligeuza kwenye mwanga. Ndani ya tundu la jicho kulikuwa na tobo, tobo dogo la mviringo, na kando yake mikwaruzo myembamba. Mtafiti akanyamaza kidogo, kisha akaniambia, "Umeshika kitu ambacho wanasayansi walibishania miaka sabini." Nililirudisha palepale nilipoliokota, maana kitu cha hifadhi hakitoki hifadhini. Jioni ile ndipo aliponipa kisa chenyewe.

Mwaka 1924, katika machimbo ya chokaa ya Taung, Afrika Kusini, lilipatikana fuvu la mtoto. Mtoto wa miaka mitatu au minne hivi. Hakuwa mtu kama sisi, na hakuwa nyani. Alikuwa wa ukoo wa kale uliotembea kwa miguu miwili zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita. Mtaalamu wa anatomia, Raymond Dart, alimtangaza kwa dunia mwaka 1925. Swali likabaki: nani alimuua mtoto huyu? Wengine wakasema chui, wengine mnyama mwingine mla nyama. Mwaka 1995 watafiti Lee Berger na Ron Clarke wakasema, hapana, ni ndege mkubwa. Wengi hawakukubali. Ndege ambebe mtoto? Lakini wenzao waliofanya kazi katika msitu wa Taï, huko Côte d'Ivoire (jina limegongana tu na la ndege wetu), walikuwa wamekusanya mafuvu ya kima chini ya viota vya tai mwenye kishungi na kueleza alama zake moja moja. Mwaka 2006 Berger akaliangalia tena fuvu la Taung, ndani ya matundu ya macho. Alama zilezile. Tobo na mikwaruzo, kama za lile fuvu la Mwanihana.

Mnaelewa maana yake, wanafunzi? Tunapomlinganisha tai na kima, tusijiweke pembeni kama watazamaji wa mpira. Kulikuwa na siku ambapo upande wa kima ndio ulikuwa upande wetu. Sisi nasi tuliwahi kutazama juu kwa hofu.

Basi ikiwa tai ana makucha hayo, ana jicho linaloona mbali kuliko letu mara mbili na zaidi, kwa nini kima hawajaisha? Miaka yote hiyo, kwa nini hawajaisha?

Jibu lake mnalo majumbani mwenu. Nani hapa hajawahi kumsikia kuku mwenye vifaranga akimwona mwewe? Anatoa mlio mmoja mwembamba, mrefu, na vifaranga wote wanazama chini ya majani au chini ya mbawa za mama. Je, mlio huo ni sawa na ule anaoutoa akiona kicheche au nyoka kwenye banda? Kina mama, ninyi mnajua kuliko mimi. Si sawa. Ule wa nyoka na kicheche ni kelele, kokoko kokoko, kijiji kizima kinasikia. Ukiwa jikoni, kabla hujatoka nje, unajua kama utazame juu au uchukue fimbo. Kuku amekwambia.

Kima naye anasema hivyo. Nitawapa niliyoyaona, kisha niwape waliyoyapima wenye vifaa.

Asubuhi moja nilikuwa na wageni wanne kwenye njia ya kwenda maporomoko ya Sanje. Juu yetu mbega wekundu walikuwa wanakula majani machanga pamoja na kima, maana wanyama hawa hupenda kuandamana. Vijiti vinatuanguka kichwani, watoto wanachezeana mikia. Ghafla dume moja la kima likapaza sauti kavu, fupi: kak! Kisha kak-kak! Jamani, mti mzima ulihama. Waliokuwa kwenye vilele waliporomoka kama maembe yaliyopigwa na upepo, wakazama ndani kwenye mafundo ya mitambaazi karibu na shina. Mama mmoja wa mbega alimkumbatia mtoto tumboni akajibana kwenye panda, akawa kama sehemu ya gome. Halafu kimya. Na katika kimya kile nikaona kivuli kimepita kwenye majani, hakina sauti yoyote, hata ya upepo. Ajabu yake ni kwamba lile dume lililopaza sauti halikushuka na wenzake. Lilipanda. Lilisimama kwenye tawi lililo wazi, limejaza kifua, linatazama kule kivuli kilikoelekea. Mgeni mmoja mama mtu mzima alinishika mkono akauliza, "Kwa nini yeye haogopi?" Nikamwambia, anaogopa sana, mama. Lakini tai anategemea kuotea. Akishaonwa, na akishakabiliwa uso kwa uso na dume zima, nusu ya nguvu yake imekwisha. Ndiyo maana tai nao wana mbinu yao: mara nyingine huwinda wawili wawili, dume na jike. Mmoja anajionyesha upande huu, kima wote wanamkodolea macho, mwenzake anaingilia nyuma.

Sasa waliopima. Hapo Kenya, Amboseli, wanaishi tumbili, na adui zao wakubwa watatu ni chui, nyoka na tai mkubwa wa mbugani. Mwaka 1967 mtafiti Thomas Struhsaker alieleza kwamba tumbili hao wana mlio tofauti kwa kila adui. Watu walitilia shaka, wakasema labda ni hofu tu, hofu kubwa mlio mkubwa, hofu ndogo mlio mdogo. Basi Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler wakafanya jambo rahisi lenye akili nyingi. Walirekodi milio, wakaficha spika kichakani, wakasubiri saa ambayo hakuna chui, hakuna nyoka, hakuna tai. Wakapiga mlio wa chui: tumbili wakakimbilia juu ya miti. Wakapiga mlio wa nyoka: tumbili wakasimama kwa miguu ya nyuma, wakachungulia nyasini. Wakapiga mlio wa tai: tumbili wakatazama juu, wakakimbilia vichakani. Hakuna kilichoonekana. Sauti tupu! Na kila mmoja alijua afanye nini. Walitoa matokeo hayo mwaka 1980, na tangu hapo hakuna mtu makini anayesema milio ya wanyama ni kelele tu.

Lakini ninachokipenda zaidi katika kazi yao ni watoto. Mtoto wa tumbili akiwa mdogo hutoa mlio wa tai kwa chochote kilicho hewani. Njiwa amepita, mtoto analia "tai!" Jani limedondoka, "tai!" Wakubwa wanatazama juu, wanaona ni jani, wanarudi kula. Akimwona tai mwenyewe akalia, wakubwa nao wanalia. Pole pole mtoto anachuja, anaacha majani, anaacha njiwa, mpaka anabaki na tai wa kweli. Walimu mliopo hapa, hiyo ni nini kama si darasa? Na sharti la darasa hilo ni lipi? Kwamba tai yupo, anapita, anaonekana. Mtoto wa tumbili hawezi kulimaliza somo hilo mahali ambapo tai hayupo.

Si kima peke yao wanaosikiliza. Kule Taï walichunguza hondohondo, hawa wenye midomo mikubwa ambao sisi nasi tunao. Tai huwawinda hondohondo, chui hana habari nao. Wakapigiwa kwa spika mlio ambao kima hutoa akiona tai: hondohondo wakashtuka, wakaanza kuita. Wakapigiwa mlio wa chui: wala hawakujali. Ndege ameielewa lugha ya mnyama, na ameielewa kwa kuchagua! Msitu mzima umeunganishwa kwa sauti hizi, na anayezianzisha zote, kila siku, ni yule anayewinda bila kutoa sauti.

Hata sisi wanadamu tuliijua sehemu ya msitu huu kwa masikio kabla ya macho. Mwaka 1979 watafiti walisikia hapa Udzungwa sauti wasiyoifahamu. Mwenyeji waliyekuwa naye akawaambia, huyo ni ngolaga. Ndipo sayansi ikamjua mnyama huyo wa jamii ya kima, ambaye babu zetu walikuwa na jina lake tangu zamani, na ambaye hayupo nchi nyingine yoyote. Jina likawa la kijiji: Sanje.

Nina kisa kimoja zaidi, kisha niseme lililonileta. Huko Senegali kuna tumbili wa kijani, ndugu wa tumbili wetu. Ukoo wao uliachana na wa kwetu zamani mno, zaidi ya miaka milioni. Watafiti waliokaa nao walijua mlio wao wa chui na wa nyoka, lakini hawakuwahi kuwasikia wakilia kwa sababu ya ndege. Wakarusha droni juu yao. Kitu kigeni kabisa, cha plastiki, kinavuma. Tumbili wakakimbia, na baadhi yao wakapaza sauti. Sauti gani? Walipoipima, ilifanana sana na ile ambayo tumbili wa Afrika Mashariki hutoa wakiona tai. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2019. Fikirini, ndugu zangu. Sauti ilikuwa imehifadhiwa kooni vizazi kwa vizazi, inasubiri. Tai aliiweka hapo.

Ndiyo maana nasema nilimjibu vibaya yule kijana. Niliwalinganisha kwa tumbo, nani anamla nani. Nilipaswa kuuliza nani amempa mwenzake nini. Tai amempa kima sauti, amempa kundi, amempa dume linalopanda wakati wengine wanashuka. Na kima amempa tai mabawa mafupi na mkia mrefu, maana mawindo yangekuwa mepesi, angebaki na umbo la mwewe.

Sasa lililonileta. Tai mwenye kishungi hutaga yai moja au mawili. Yakianguliwa mawili, kinda mkubwa humuua mdogo, anabaki mmoja. Huatamia karibu siku 50. Kinda hukaa kiotani zaidi ya siku 100, na akishaanza kuruka bado hulishwa na wazazi karibu mwaka mzima. Maana yake, jozi moja hulea mtoto mmoja kila miaka miwili. Mmoja! Na kima? Jike huzaa mtoto mmoja, kisha hukaa miaka miwili au zaidi kabla ya mwingine. Mnaona? Katika hili hawatofautiani. Wote wawili wanazaa polepole, na kwa mwendo huo wa polepole wameishi pamoja bila mmoja kummaliza mwingine.

Anayeweza kuwamaliza ni waya. Ni bunduki ya kienyeji. Ni msumeno. Kule msitu wa Uzungwa Scarp, kusini yetu, mbega wamepungua vibaya kwa sababu ya watu kuwawinda kwa kitoweo, wakati hapa Mwanihana ambako ulinzi ni mkali bado wanatukojolea vichwani. Milima ni ileile, miti ni ileile. Na mbega wakiisha, tai atakula nini? Atashuka kwa watoto wa mbuzi, nasi tutasema tai ni mbaya.

Nilishuhudia tai aliyeuawa hivyo. Aliletwa mbele ya watu amefungwa miguu kwa kamba ya katani, mtu akidai amemwokoa mbuzi wake. Sikumlaumu sana mtu yule. Mbuzi ni ada ya mtoto. Lakini nilimshika ndege yule, bado ana joto, nikatazama kifuani: manyoya yalikuwa yamenyonyoka sehemu ya kuatamia. Alikuwa jike, na kiotani kulikuwa na yai. Siku nne nilikwenda kusimama chini ya mti ule. Dume lilikuja na mawindo, likaita, likakaa, likaondoka nayo. Siku ya tano sikwenda tena.

Wazazi wangu, mnaofuga, naomba jambo dogo. Watoto wa mbuzi wasiachwe peke yao kandokando ya msitu asubuhi. Wakae karibu na nyumba mpaka wapate nguvu. Ukiona mtego wa waya, uambie uongozi wa kijiji au askari wa hifadhi, hata kama aliyeutega unamjua. Najua ni vigumu. Nimeishi humu humu, najua.

Na wewe mjukuu wangu wa relini, nimekuona umekaa pale nyuma na daftari. Kesho Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nitakuwa getini, na mwalimu wenu amekwisha kuwaombea kibali cha kuingia. Njoo na wenzako, mvae viatu vya kufunga, simu zizimwe. Hatutaenda mbali. Tutakaa chini ya miti ya mbega, tutasikiliza. Likitoka lile kak, usinitazame mimi. Tazama juu.